Mbona Mababu Wote Walikuwa Machifu?

Nyoo! Kaa kijiweni Kariakoo jioni moja tu, kahawa ikizunguka, uwasikie watu wakitaja mababu zao. Wa huyu alikuwa chifu. Wa yule alikuwa liwali. Yule pale pembeni, anayedaiwa vikombe vya tangu juzi, babu wa babu yake alikuwa mtemi huko bara mwenye ng'ombe wasiohesabika. Haya, tumekubali. Sasa zile pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo alizibeba nani? Zilijitembeza? Na waliotiwa kongwa shingoni hawakuzaa? Utumwa Tanganyika umefutwa kisheria mwaka 1922, juzi hapo, lakini humu mjini humpati mjukuu wa mtumwa hata kwa dawa. Wala wa pagazi. Wala wa askari wa Mjerumani.

Ndiyo maana akina Sykes mimi nawavulia kofia. Mtaa wa Kleist Sykes, zamani Kipata, tunaukanyaga kila siku, na muuza soksi wa pale atakuapia kwamba huyo Kleist alikuwa Mzungu. Mzungu wa wapi? Baba yake ni Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji. Mwaka 1889 ofisa wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alikusanya askari wa kukodi, Wasudani kutoka Misri na Wazulu kutoka huko kusini, waje wamzime Abushiri bin Salim aliyekuwa amewasha moto pwani nzima. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba ya mwaka huohuo. Bunduki zikageuzwa kuelekea Uhehe, kwa mtawala wa Wahehe, Mkwawa, na Mbuwane akiwa katika jeshi hilohilo. Mwanawe, Kleist, alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapewa jina la Kijerumani. Baba akafa mtoto angali mdogo, akalelewa na Mzulu mwenzake Mbuwane, Affande Plantan.

Jaribu wewe kusema hapa kijiweni kwamba babu yako alikuja kumpiga Mkwawa. Utachekwa mpaka uhame mtaa. Lakini Kleist aliandika habari za maisha yake kabla ya kufariki mwaka 1949, na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akazitumia kuandika sura katika kitabu cha wasifu wa Watanzania alichokihariri John Iliffe mwaka 1973. Hawakumvika mzee Mbuwane taji la Shaka Zulu. Alikuja kupigana kwa mshahara, basi, imeandikwa hivyo. Na mtoto wa huyohuyo wa mshahara ndiye aliyekuwa katibu wa African Association ilipoundwa mwaka 1929. Wajukuu wa Mbuwane, Abdulwahid na Ally, wamo kati ya waasisi wa TANU, tarehe 7 Julai 1954. Enhe, nani kapungukiwa nini?

Mombasa nako wapo wasioficha. James Mbotela alitoa kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934, akaeleza waziwazi jinsi watu walivyokamatwa, wakauzwa, wakaokolewa baharini na kuwekwa Frere Town. Baba yake alikuwa miongoni mwao. Jina la mtu mmoja aliyeteremshwa pale leo ni jina la ukoo mzima, na marehemu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alikuwa wa ukoo huo.

Sisi wengine majina yetu yanatuponyoka kwa mwendo mwingine. Juma bin Hamisi bin Salum akizaa, mtoto anaitwa Rashidi Juma Hamisi. Salum kashuka kwenye gari! Rashidi naye akizaa, Hamisi anashuka. Kwa mwendo huo mtu wa mwaka 1880 alishadondoka kwenye fomu kabla hata ya Uhuru, halafu kitukuu anasimama kifua mbele kutusimulia makuu ya mzee ambaye jina lake hajui. Mfyuu! Na hata akina Sykes, kwao limebaki lile la kwanza la mzee, ila Mbuwane, lililotoka naye Msumbiji, mtaani hulisikii.

Basi jamani, kabla ya kutupigia hadithi nyingine ya mtemi, mkazungumze na bibi zenu wangali wanakumbuka. Msiwaulize kama babu alikuwa mkubwa. Hilo watawaridhisha tu. Waulizeni babu alikuja mjini kwa kazi gani, alifikia kwa nani, nani alimwozesha, kazikwa wapi. Andikeni, hata nyuma ya daftari la madeni. Kisha mwende Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, ambako mafaili ya Mjerumani yapo, mkatafute. Na mkikuta mzee alikuwa pagazi, njooni mtwambie. Kahawa ya siku hiyo nalipa mimi.