Taka Zina Wenyewe

Alikuja kijana mmoja na semina yake hapa Chake Chake, akatukalisha kwenye viti vya plastiki, akatwambia takataka ni mali. Nikampigia makofi na mimi, maana soda zilikuwa bado hazijagawiwa. Ila kuanzia hapo nina kinyongo naye. Kama taka ni mali, basi Pemba hatuna taka hata moja, na mimi nazihitaji.

Mpunga ndio ulionitia kwenye shughuli hii. Nina jaruba langu bondeni, huku chini ya Gombani, na mvua za masika zikishapita, mpunga ukachanua na punje zikaingia maziwa, mnana wanashuka kama waliopelekewa kadi ya mwaliko. Alfajiri wapo, alasiri wapo, na hawali kwa adabu: anabana punje, anafyonza maziwa, ganda anakuachia wewe uvune. Zamani kuamia ndege ilikuwa kazi ya watoto. Mtoto anapanda dunguni na kombeo na debe lake, anapiga kelele mpaka sauti inamkauka. Siku hizi mtoto yuko skuli, akitoka skuli yuko chuoni, akitoka chuoni ana tyusheni. Aliyebaki wa kupanda dunguni ni mimi, na magoti yangu haya.

Nikasema basi, nitatengeneza sanamu. Si lile gunia lililochomekwa kijiti. Nilitaka mtu wa maana, wa chupa na makopo, upepo ukivuma mikono izunguke na tumbo lilie.

Chupa nilidhani nimeshazipata. Januari 2025 fainali ya Kombe la Mapinduzi ilichezwa papa hapa, Uwanja wa Gombani, Zanzibar Heroes wakawafunga Burkina Faso 2-1, na umati ule wote ulikuwa na kiu. Asubuhi yake nikaenda na gunia. Nilikuta vifuniko. Watoto walikuwa wameshapita usiku ule ule, wakati sisi wakubwa tunapiga honi na kukumbatiana. Nikawafuata barazani kwao, nikakuta chupa zimepangwa kwa ukubwa, za lita na nusu upande huu, ndogo upande ule, na bei ishatoka.

“Nyinyi si mmeziokota tu hizi?” nikawauliza.

“Ndiyo ami,” akajibu mkubwa wao. “Tumeziokota sisi.”

Sikuwa na la kumjibu. Chupa ya lita na nusu kisiwani kwetu ina maisha marefu kuliko ya mwenye duka. Maji yakisha inatiwa mafuta ya nazi, mafuta yakisha inatiwa asali, ikishachoka kabisa inawekwa mafuta ya taa. Ile ndogo ni ya juisi ya ukwaju. Nikalipa.

Na vingine vyote ni vivyo hivyo. Ndoo iliyopasuka, niliyoipigia hesabu ya kichwa, mke wangu kaotesha mchaichai. Ndara zilizokatika watoto wanazikata magurudumu ya vigari vyao. Wavu mkongwe umezungushiwa mchicha, kuku wasiingie. Tairi fundi analishonea katambuga. Kopo la maziwa ni koroboi, na umeme ukikatika usithubutu kuligusa. Mifuko ya nailoni, ambayo ukiifunga kwenye kamba ilikuwa inapepea na kutisha vizuri sana, Zanzibar iliipiga marufuku 2006, na bara wakaja kutufuata Juni 2019. Sisemi ilikuwa makosa. Ng'ombe walikuwa wanaila. Nasema tu kwamba ng'ombe walifikiriwa, mwenye mpunga hakufikiriwa.

Nikakumbuka utepe wa kaseti. Ukiutandaza jarubani kutoka mti hadi mti, ukaukaza vizuri, upepo unauliza wenyewe, vuuu, na ndege haupendi. Nikamwendea bi jirani, ana kaseti tele za taarabu kwenye kasha, na redio ya kuzipigia ilikufa zamani. Alinitazama kama niliyemwomba meno yake. Akaniuliza kama najua kaseti ile ya juu ilipigwa kwenye harusi ya nani. Najua. Nilikuwepo. Nikaondoka.

Hapa nataka kusema neno juu ya kunguru. Hawa wa Bara Hindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Leo wanakula vifaranga na kudokoa samaki tuliowaanika. Nami siwalaumu. Huenda walifika, wakatafuta taka, wakaambiwa zina wenyewe.

Nilimaliza kwa kununua. Chupa nilizichana ubavuni kwa kisu cha moto, vipande vinne, nikavikunja nje kidogo vishike upepo, nikatoboa kitako na kifuniko, nikapitisha spoku ya baiskeli. Harufu ile ya plastiki ilikaa nyumbani mpaka Ijumaa. Tumboni nikatia makopo yenye vijiwe, na kichwa kikawa ile ndoo ya mke wangu, mchaichai nikauhamisha. Nguo nikampa jezi yangu ya zamani, ya klabu moja ya Kariakoo ambayo siitaji, kwa sababu jezi yenyewe imeshaniletea mabalaa. Wenzetu wa klabu hiyo wakaja kulalamika kwamba nimewadhalilisha. Wapinzani wao wakaja kulalamika kwamba sanamu haitatisha kitu, jezi ile haijamtisha mtu tangu lini. Maalimu alipita, akaomba nisimchore macho wala mdomo. Hilo lilikuwa rahisi, rangi nayo ilikuwa ya kununua. Shemeji yangu alimwona magharibi bila uso, mikono inazunguka, akataja popobawa, akarudi kwao kwa njia ya juu.

Na mnana walimwogopa. Hilo lazima niliseme, maana watu wanavumisha mengine. Upepo wa kusi ukimpiga alikuwa analia na kuzunguka, na jaruba langu lilikuwa safi.

Wasiomwogopa ni binadamu. Mkono wa kulia ulikwenda kwanza: kulikuwa na hitima, mtu akakosa chupa ya kutilia mafuta. Chupa yenyewe imechanwa ubavuni, nikamwonesha. Akasema ataikata kitako, atafanya mrija wa kumiminia. Makopo yakaenda siku umeme ulipokatika. Jezi niliiona kwenye mechi ya mtaa, imevaliwa na kijana wa winga ya kushoto, na alifunga, kwa hiyo hata kumzomea sikuweza. Ndoo mke wangu aliifuata mwenyewe, mchaichai ukaishia pale pale ulipoanza.

Juzi nipo dunguni na debe langu, magoti yananiuma, akapita jirani mmoja kwenye tuta, akasimama kuutazama ule mti uliobaki jarubani, mlingoti mzuri wa mkarafuu, umenyooka. Akaugonga kwa kiganja.

“Yakhe,” akaniita, “huu mti unautumia?”