Superman wa Kupepea Jiko

Komiki ya kawaida ilikuwa na adabu. Uliitia ndani ya kitabu cha Jiografia, ukainamisha kichwa kama mtu anayetafuta Mto Tana, na mwalimu akakusifu kwa bidii. Yetu haikuwa na adabu. Ilikuwa kubwa kama sinia, na siku niliyojaribu kuificha ndani ya atlasi, Superman alichungulia upande mmoja na gari alilolibeba likatokeza upande wa pili. Nilikula viboko vinne. Mwalimu akaenda nayo ofisini kama ushahidi, akairudisha baada ya wiki mbili ikiwa na madoa ya chai kwenye kurasa zote za Superman, na hata doa moja kwenye hadithi nyingine.

Huo ulikuwa mwaka wa 1986, mtaani Jericho, nikiwa darasa la sita. Hatukuwa na njaa ya picha. Juha Kalulu wa Taifa Leo alifika nyumbani akiwa amefunga nyama. Pichadithi za Terry Hirst zilizunguka mtaa mzima hadi zikawa laini kama leso. Beano kutoka Uingereza zilitufikia bila kurasa za mwisho, ikabidi kila mmoja ajitungie mwisho wake na kuutetea kwa ngumi. Baba naye hakuwahi kumwacha Lance Spearman, yule jasusi wa picha za kamera katika jarida la African Film, shujaa wa ujana wake. "Spear alikuwa na suti, kofia na gari," alituambia. "Mtu mwenye gari anaruka angani kutafuta nini?"

Komiki kubwa niliipata kwa kijana wa Maringo ambaye shangazi yake alikuwa yaya kule Lavington. Bei ilikuwa Beano saba, bano kumi na mbili, na ahadi ya kumbebea mkoba muhula mzima. Ahadi hiyo niliitimiza siku tatu.

Tuliisoma sakafuni, wanne tumelala kifudifudi, vichwa vimegusana. Kaka yangu mdogo hakuwa na nafasi ila upande wa juu, kwa hiyo Kiingereza alijifunza kukisoma kichwa chini. Mpaka leo ukimpa mkataba hugeuza karatasi kwanza. Hakuna aliyejiuliza kwa nini kitabu kile kilikuwa kikubwa hivyo. Kwetu kitu kikubwa kilikuwa kitu cha maana, kama sufuria ya harusi.

Kisha mama akakigundua. Ilikuwa Aprili, mvua imelowesha makaa, na kadibodi yake ya kupepea jiko imelegea. Aliangaza huku na huku, akamwona Superman. "Hiki ndicho," alisema baada ya kupepea mara mbili. Ikawa ndiyo kazi ya Superman kwa miaka mingi, na kusema kweli sijui kazi nyingine aliyoifanya vizuri zaidi.

Mwanzoni mwa Desemba 2011 nikasoma gazetini kwamba nakala ya Action Comics namba 1, iliyowahi kumilikiwa na mwigizaji Nicolas Cage, imeuzwa mnadani kwa dola milioni 2.16. Juni 1938, senti 10, Superman ameinua gari la kijani. Maandazi yalinikwama kooni. Gari lile nililijua. Nilikuwa nimechapwa kwa ajili yake.

Nilipanda matatu hadi Jericho. Mama alikuwa bado na kitabu kile, nyuma ya kabati, pembe moja nyeusi kwa masizi. Kila kitu kilikuwepo: Juni 1938, senti 10, gari la kijani. Kufika jioni ukoo mzima ulikuwa na habari. Kaka yangu alidai nusu, akisema yeye peke yake ndiye aliyekisoma pande zote. Mama hakutaka mengi, ploti tu kule Joska. Mimi nilianza kufuatilia thamani ya shilingi. Oktoba dola ilikuwa imepita shilingi 100 na nikalalamika pamoja na Wakenya wenzangu. Sasa shilingi ilikuwa inapata nafuu, na kila dola iliposhuka kwa shilingi moja, mimi nilipoteza milioni mbili. Nadhani nilikuwa Mkenya pekee aliyekasirishwa na Benki Kuu kwa kufanya kazi yake.

Nikaamua kulihifadhi jalada la mbele lisipate mkunjo mwingine. Nililing'oa taratibu kwenye pini zake, nikalipeleka saiba moja ya Buruburu likafunikwe plastiki kwa mashine, kama cheti cha kuzaliwa. Kijana wa saiba aliligeuza mara mbili. "Boss, hii haiingii kwa A4. Itabidi A3, na A3 bei yake ni tofauti." Nikamlipa kwa majivuno.

Plastiki ikiwa bado moto, nikanunua dakika kumi za intaneti nijue mnada unafanywaje. Dakika nne zilitosha. Komiki halisi ya 1938 ina urefu wa inchi 10 na kidogo. Ingelala ndani ya A4 bila kujikunja. Yangu ilikuwa na inchi 13 na nusu. Kampuni ya DC ilikuwa imeichapa upya mwaka wa 1974, ikaikuza, ikaiuza dola moja, na kuivika jalada la nje la kadibodi lenye jina Famous First Edition. Ukilitoa hilo, ndani unabaki na sura ileile ya zamani, matangazo na yote, na wengi walishadanganyika kabla yangu.

Nikakumbuka jalada la nje. Kadibodi nzuri, ngumu. Nililikata mwenyewe kwa wembe kutengeneza paa na bamba la namba la lori langu la waya.

Niliporudi mama alikuwa kibarazani, jiko mbele yake, makaa yamegoma. Nilimweleza yote, inchi kwa inchi. Alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono, akachukua lile jalada la plastiki na kupepea mara mbili. Cheche ziliruka.

"Sasa hata halipindi," alisema. "We mtoto wewe, na kile kijalada cha nyuma ulikiacha wapi?"