Heko kwa Wapima Mapaa

Nasikia watu wanailalamikia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Watu hawana shukrani! Tangu Oktoba 1, 2024, ilipochukua kazi ya mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, Kenya imepata kipimo ambacho madaktari hawakuwahi kukiota. Zamani mgonjwa alipimwa joto na presha. Siku hizi hupimwa paa. Ukuta wako ni wa udongo au wa mawe? Choo ni cha shimo? Unapikia kuni au gesi? Mama mboga akishajibu, mchango wake wa bima hukadiriwa, na huelezwa utajiri wake, habari njema ambayo mwenyewe hakuwa nayo.

Mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, mwezi kwa mwezi, maana huyo pesa zake zinajulikana zitaingia lini. Mchuuzi, asiyejua kesho atauza mafungu mangapi ya sukuma wiki, hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Hiyo ni heshima, jamani. Mwenye nyumba humwamini kwa mwezi mmoja, mwenye duka hadi jioni, lakini serikali imemtambua kuwa mtu wa kulipa miezi 12 mbele. Akikosa, si kitu: upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole, akope leo kwa ajili ya malaria ya mwezi wa Novemba.

Ndugu msomaji, kama bado hujajisajili, bonyeza *147#. Na ukiulizwa kuhusu choo, tafadhali usijisifu.