Miliampi Mbili
Kichwa changu kimebeba mengi. Magunia, jerikeni, lawama za mama watoto. Lakini stima? Mpwa wangu wa Malmö, huko Sweden, ameamua mimi, abti yake, yaani mjomba, nina mawazo mengi. Badala ya kutuma pesa ya kuyapunguza, akatuma hedseti. Eti unavaa, inapitisha stima kwa kipaji cha uso nusu saa, roho inatulia. Miliampi 2. Nikacheka. Hapa Garissa tuna ile mitambo ya sola tangu 2019, megawati 50, na mbuzi wala hawashtuki. Miliampi 2 ni nini?

Jamani. Kwanza zile sponji. Lazima ziloe maji ya chumvi ndio stima ipite. Maji yakateremka kwa nyusi, nyusi ikayapeleka kwa jicho. Sijawasha hata, tayari nalia. Nikawasha. Ngozi ikaanza kutambaatambaa kama siafu wamehamia. Halafu kuwasha. Halafu kuchoma. Mdomoni chuma tupu. Najikuna juu ya plastiki, kinachowasha kiko chini ya plastiki. Mpwa ananiandikia, "Abti, hiyo kawaida." Kawaida ya nani? Hapa saa nane mchana kila kipaji kinaungua. Nitajuaje kipi ni tiba na kipi ni jua? Anasema hata kwa majaribio ya wanasayansi, kuna watu huwekewa stima sekunde chache tu, inazimwa kimyakimya, na bado wanalalamika wanawashwa. Hao ni ndugu zangu wa damu. Nikaing'oa kwa hasira. Paa! Mwanga machoni, na stima ya mtaa ilikuwa imepotea tangu asubuhi.

Lakini ubaya wenyewe ni alama. Madoa mawili mekundu, moja kulia, moja kushoto. Nikaenda kioski kutafuta chai ya maziwa ya ngamia, nikakuta wazee wamejaa benchi. Wenzangu wana alama moja ya sijda, katikati, ya miaka ya ibada. Mimi mbili, pembeni, za alasiri moja. Mzee mmoja akanisogelea kwa heshima zote: "Adeer, wewe unasujudu kwa pembe?"

Benchi zima likafa kicheko. Hata mwenye kioski, na ana deni langu.

Nikaeleza mambo ya ubongo. Mzee akasikiliza kwa makini, akauliza kama inafanya kazi kwa goti. Sasa amejifunga nayo hapo, anasema inawasha vizuri sana. Programu ya kuiendesha iko kwa simu yangu, kwa hivyo siwezi kuondoka. Bando inaisha. Na ameshaniambia goti la pili linangoja.