Sifa za Buu Asiyekula

Nyuki wana wa kuwasifu, na siafu pia. Niacheni leo nimsifu buu wa mbawakawa wa makumbusho, kidudu mwenye manyoya kama mswaki uliochakaa, hafiki hata punje ya wali, ambaye amenilia vipepeo wa msimu mzima.

Kwanza ana ukoo. Mwanasayansi Linnaeus aliandika jina la mmoja wao mwaka 1761 na kulihusisha na makumbusho, kwa hiyo kabatini si mvamizi, ni mwenyeji. Binamu zake wanatumiwa na makumbusho ya Ulaya na Marekani kusafisha mifupa ya wanyama. Halafu anaheshimu maandishi. Jumatatu moja nilivuta droo nikakuta pini zimesimama mstari kama gwaride, kila moja na lebo yake kwa mwandiko wangu: Usambara Mashariki, tarehe, mwinuko, jina la mkusanyaji. Kipepeo hakuna. Chini ya kila pini palikuwa na kichuguu cha unga wa kahawia, laini kama ugoro, na bawa moja moja limelala chali.

Hayo ni madogo. Fadhila yake kuu ni kufunga. Mwaka 1917 mtafiti wa Marekani, Wodsedalek, aliandika katika jarida la Science habari za mabuu wa jamii ya Trogoderma, ndugu wa buu wetu, aliowanyima chakula. Wa mwisho alipitisha miaka 5. Buu akikosa chakula hujivua gamba, na anayetoka ni mdogo kuliko aliyekuwamo. (Sisi Watanzania habari za chama tawala kujivua gamba tulizisikia sana mwaka 2011, ila sikumbuki aliyetoka akiwa mwembamba.) Hujivua tena, akapungua tena, mpaka akabaki kijitone chenye manyoya. Mpe chakula, ananenepa upya, wala hadai malimbikizo.

Hebu itafakari fadhila hiyo. Hana kodi ya chumba. Hana nauli ya daladala. Hana mama anayepiga simu kila Jumapili kuuliza kama mtaalamu ameshaanza kulipwa. Akinyimwa Januari, anapungua Januari. Akinyimwa Februari, anajikunja kwenye kona ya droo na kusubiri bajeti. Huyu ndiye mtumishi ambaye kila ofisi inamwota, na ofisi yetu, nina hakika, imemsoma kuliko mimi niliyesomea wadudu mpaka shahada ya pili.

Maana mimi huu ni mwaka wa pili naitwa "kijana wa kujitolea". Posho huja ikipenda. Nikienda kwa mhasibu ananiambia, "Mdogo wangu, vumilia, faili liko kwa mkubwa." Basi nami nimejivua gamba mara tatu: niliacha chai ya saa nne, nikahamia chumba kisicho na umeme, kisha nikauza kamera niliyokuwa napigia picha wadudu. Kupungua nimepungua, sibishi. Miaka 5 ndiyo siiwezi.

Na kinachoniuma ni kwamba buu huyu anaweza kuuawa! Droo inafungwa kwenye nailoni, inawekwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kwisha habari. Friza tunayo. Ililetwa na wafadhili kwa ajili ya sampuli, na imeandikwa hivyo mlangoni kwa herufi kubwa. Nimeifungua: sato wa Mwanza, kuku wawili wa kienyeji, na katoni ya maji ya kikao. Dokezo la kuomba nafthalini niliandika Machi. Lilirudi Juni na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: kwa nini wadudu waliokwisha kufa wanahitaji dawa ya kuua wadudu?

Nilicheka, kisha nikakaa kimya muda mrefu. Vipepeo wale hakuna wa kunirudishia. Pale nilipotega wavu sasa pamelimwa iliki, na kilichobaki cha mahali pale ni lebo ambazo buu, kwa adabu yake, hakuzila.

Kwa hiyo, mkubwa wangu, shikamoo. Sato watolewe kabla ya Ijumaa. Nina droo 14 zinasubiri.