Sifa Zake Bwana Nitaacha

Mashujaa wa Kenya wana siku yao, tarehe 20 Oktoba. Wafanyakazi wana Mei Mosi. Udhaifu wa nia, ambao hapa tutauita Bwana Nitaacha na ambao huwapa riziki wenye baa, wakopeshaji na wahubiri, haujatengewa hata nusu saa ya mapumziko. Wa kuanza kuupigia makofi wawe watu wa Kegonga, makao makuu ya Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania.

Huko tumbaku imekuwa zao la biashara kwa miongo mingi, na mkulima hahitaji semina ili aujue ubaya wake. Anazijua kuni zinazoteketea katika kuikausha. Anakijua kizunguzungu na kutapika kunakompata aliyechuma majani mabichi yenye umande, maana nikotini hupenya ngozini. Anajua pia kwamba siku ya kuuza, mbegu, mbolea na dawa alizokopeshwa na kampuni zitakatwa kwanza. Akipokea kilichosalia, anaapa: msimu ujao ni mahindi na maharagwe tu. Msimu ukifika, yuko kitaluni akimwagilia miche ya tumbaku.

Socrates angemkana mkulima huyo. Alishikilia kwamba hakuna atendaye baya huku akilijua lililo jema zaidi. Atakuwa hajui tu. Aristotle hakuridhika: watu wanaojua vizuri na bado wakashindwa na tamaa aliwaona wazi, akawaandikia kurasa kadhaa. Kegonga angepata wenyeji wa kuelewana nao.

Sifa ya kwanza ya Bwana Nitaacha ni kujua saa. Nia njema huja siku ya malipo, mfuko ukiwa mzito na maneno yakiwa rahisi. Yeye hungoja hadi karo idaiwe na ghala liwe tupu, ndipo abishe hodi na mbolea ya mkopo. Fuliza nayo, mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio, tangu Januari 2019 humkuta mteja kwenye kaunta salio likiwa limepungua. Haimtafuti asubuhi anapopanga matumizi kwa akili tulivu.

Bunge lenyewe limemheshimu. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikaendelea kunywewa, na mwaka 2010 sheria iliyopewa jina la mbunge John Mututho ikairuhusu kwa masharti. Baa nazo ziliwekewa saa: siku za kazi, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Waheshimiwa hawakujaribu kumfukuza mgeni huyu, walimpangia ratiba.

Elimu pia ina deni la shukrani kwake. Huko Busia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwauliza wakulima kama wangetumia mbolea msimu uliofuata. Karibu wote walisema ndiyo. Waliotimiza walizidi thuluthi kidogo tu. Hawakuwa wajinga wa faida ya mbolea. Pesa ya mavuno ilikuwa imekwisha kabla mbolea haijahitajika. Basi watafiti wakawahi mavuno: nunua leo kwa bei ya kawaida, utaletewa bila nauli. Matumizi yakapanda karibu sawa na ambavyo yangepanda kama mbolea ingeuzwa nusu bei baadaye katika msimu. Makala yao ilitoka 2011, na mwaka 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, wakapewa Nobel ya uchumi kwa majaribio ya namna hiyo. Haijasikika kwamba Bwana Nitaacha alitengewa fungu.

Sasa hata adui zake wanamwiga kwa kujua saa. Tarehe 31 Mei 2023, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani ilihimiza chakula badala ya tumbaku, na Migori ilikuwa mfano. Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa hawakuwaendea wakulima wa huko na hotuba peke yake. Waliwafikishia mafunzo, mbegu za maharagwe yenye madini ya chuma na soko la kuyauza. Maharagwe huiva kwa takriban miezi mitatu. Tumbaku, kuanzia kitalu hadi malipo, hula sehemu kubwa ya mwaka. Safari hii kiapo cha siku ya malipo kimepata mbegu kabla hakijapoa, na wakulima wengi wameng'oa tumbaku.

Bwana Nitaacha ameyaona hayo yote na amekubali, bila kinyongo, kwamba imempasa kuwapisha. Ataanza msimu ujao.