Herufi 63

Mkisikia katibu wenu amelazwa kwa presha, msimtafute mchawi. Ni jina la tovuti. Kikundi chetu cha maharagwe hapa Kianjai kimeamua kuingia mtandaoni, na tangu siku hiyo kila mwenye wazo ananivizia, hata nikiwa kwa kinyozi.

Mwenyekiti alianza na .com, eti ndiyo ya wakubwa. Mpwa wake, msomi wa kompyuta, akateremka kutoka Nairobi na .io, kwamba ndiyo inayovuma kwa vijana wa teknolojia. Ni ya nchi gani? Hakujua. Ni ya Visiwa vya Chagos, bwana, huko Bahari ya Hindi, ambako Mwingereza aliwafukuza wenyeji ili Mmarekani apate kambi ya kijeshi Diego Garcia. Sisi na magunia yetu tunatafuta nini kambini?

Mimi nilishikilia .ke, na sijui kwa nini Mkenya anaionea haya. Tunayo tangu 1993. KeNIC ilikabidhiwa kuitunza mwaka wa 2002, na tangu 2017 hata huhitaji kupachika .co katikati ukitaka. Shule inayotaka .sc.ke italeta cheti, na .go.ke ni ya serikali. Muuza maharagwe anachukua .co.ke yake kwa wakala aliyeidhinishwa, analipa kwa M-Pesa, mambo yanaisha. Analipa kila mwaka, lakini.

Hapo ndipo Mama Kendi, mweka hazina, alipoweka kikombe chini.

"Katibu, tulipie jina letu wenyewe? Kila mwaka?"

Nikamwambia ni kama kibanda cha soko: ukiacha kulipa, utakuta mwingine amekwisha kupanga nyanya zake.

"Mimi jina langu nilipewa na shosho, na hajaniletea bili hadi leo."

Ningemjibu nini? Hata mimi linaniuma.

Basi tukaja kwenye jina lenyewe. Mimi nilipendekeza neno moja fupi, la kusemeka kwenye simu huku boda boda zinapiga kelele za Maua, Maua. Mwenyekiti akakataa kata kata. Jina liwe kamili, kama lilivyo kwenye muhuri: Kikundi cha Maendeleo ya Wakulima wa Maharagwe Kianjai na Vitongoji Vyake. Hiyo "na Vitongoji Vyake" ilitugharimu vikao vizima tulipoandikisha kikundi. Ukiigusa, nusu ya wanachama wanahama.

Nikajificha nyuma ya sheria. Jina la tovuti, nikasema, haliruhusiwi kupita herufi 63, bila kuhesabu mkia wake. Kijana wa saiba akaliandika pamoja, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, nami moyoni naomba lizidi, hata kwa herufi moja. Akafika mwisho. Akarudia. 63 kamili. Mwenyekiti akapiga makofi kama aliyeshinda uchaguzi.

Tungekuwa tumelipia tayari, isipokuwa Mama Kendi alipita kwa mchora mabango kuulizia bei ya bango la barabarani. Yule fundi hulipisha kwa herufi, na nukta ameziweka kwenye hesabu. Mama Kendi ameitisha kikao cha dharura Jumamosi. Ajenda ni moja: kufupisha jina. Vitongoji vimeshaanza kunipigia simu.